Je, Yafaa Kujifunza Kupigana Peke Yako Nyumbani?

Jambo ninalotaka kulileta mbele yenu, wasomaji, ni jambo ambalo wavulana wengi wa shule yetu hulifanya wakati wa likizo lakini hawalisemi mbele ya watu. Nalo ni kujifunza ngumi, karate na michezo mingine ya kupigana, peke yako, nyuma ya nyumba, bila mwalimu na bila mwenzi. Wengine wamejifunza kwa kutazama sinema, wengine kwa picha za simu, na wengine kwa kumwiga kaka aliyetazama sinema. Nimesikia watu wakilisifu jambo hili kupita kiasi, na nimesikia wengine wakililaani kupita kiasi. Mimi nina miaka 19, nimelifanya tangu nilipokuwa mdogo, na naona pande zote mbili hazijasema kweli yote.

Wazee wa shule wanaosoma ukurasa huu huenda wakashangaa jinsi mtindo huu ulivyoenea, kwa kuwa zamani zao ngumi zilikuwa mchezo wa vijana wengi pamoja. Kwetu Dabani ulienea wakati wa Korona. Shule zote za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020, na madarasa yote hayakurudi pamoja mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko sisi. Katika muda huo mikusanyiko ilikatazwa, viwanja vikaota nyasi, na mpira ukalala. Kijana hawezi kucheza kandanda peke yake. Lakini aweza kurusha ngumi hewani peke yake, tena mahali padogo kama nafasi iliyo kati ya jiko na ghala. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Binamu yangu alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake mlikuwa na picha za mwalimu mmoja aliyeonyesha hatua za karate polepole. Tulizitazama mpaka bando likaisha, kisha kila mtu akaenda kwao kuzirudia.

Mama aliniona siku moja nikirusha mateke, akasimama na beseni lake mkononi. "Wapigana na nani, mwanangu?" Nikamjibu, "Sipigani na mtu, Mama, najifunza." Akasema, "Basi ukimaliza kumshinda huyo asiyekuwapo, uje upasue kuni." Dada zangu walicheka wiki nzima. Hata hivyo swali la Mama ni swali zuri, nami nimelifikiri sana tangu siku ile.

Nianze na wema wa mazoezi haya, kwa sababu wema upo.

Wasiojua hudhani kwamba kujizoeza peke yako ni mchezo wa watoto. Karate yenyewe imejengwa juu ya mazoezi hayo. Ilitoka katika kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani, na sehemu yake kubwa ni mfuatano wa hatua, mapigo na vizuizi ambao mtu huufanya peke yake kwa utaratibu usiobadilika. Mfuatano huo huitwa kata. Neno hilo ni la Kijapani, msidhani nasema habari za kata ya kuchotea maji mtungini. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu Itosu Anko aliingiza karate katika shule za Okinawa, akatunga kata tano nyepesi kwa ajili ya wanafunzi, na mwaka 1908 akawaandikia wakuu wa elimu barua ya kueleza faida zake. Mwanafunzi wake, Funakoshi Gichin, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule, ndiye aliyeionyesha karate mjini Tokyo mwaka 1922. Nawaomba walimu wetu waliangalie jambo hilo kwa wema. Mchezo wanaouogopa ulikuzwa na walimu wenzao, tena kwa ajili ya afya ya wanafunzi.

Tena katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kata ilikuwa shindano kamili lenye medali zake. Mchezaji alisimama peke yake, waamuzi saba wakimtazama, wala hapakuwa na mtu wa kumpiga. Kiyuna Ryo wa Okinawa alishinda kwa upande wa wanaume. Kwa upande wa wanawake alishinda Sandra Sánchez wa Hispania, naye alikuwa na miaka 39. Habari hii nilimsomea dada yangu mkubwa aliyekuwa akinicheka, na tangu siku hiyo hanicheki tena, bali huja kusimama kando na kunirekebisha, ingawa hajui lolote. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 karate haikuwamo, na mimi naona ni hasara.

Sasa, mtu wa kawaida asiyekwenda Tokyo anapata nini nyuma ya jiko? Anapata mengi. Mkono wangu wa kushoto zamani ulikuwa kama mgeni katika mwili wangu, haukujua kufanya lolote ila kushika daftari. Leo hutii. Nimejifunza kusimama bila kuyumba, na kupumua kwa utaratibu nisichoke upesi. Nimepata mazoea ya kuamka kabla ya jua, nikakimbia kuelekea barabara ya Tororo na kurudi, hapo lori ni chache na vumbi limelala. Kuruka kamba ya katani hakuna gharama. Na katika hayo yote hakuna mtu wa kukusimamia. Ukilala hakuna atakayekuuliza. Kijana akiweza kujiamsha mwenyewe siku mia kwa ajili ya jambo asilolipwa wala kutahiniwa, amekwisha pata kitu ambacho bwenini hatukipati, kwani huku kengele ndiyo inayotuamsha.

Yako pia mambo ya vitendo ambayo mtu huyajua kwa kufanya tu. Gunia, kwa mfano. Vijana wengi hujaza gunia mchanga mtupu, wakalitundika kwenye mwembe. Siku ya kwanza ni zuri. Baada ya wiki moja mchanga umeshuka chini na kukaa kama jiwe, na juu pamebaki patupu, na mkono ukilipiga chini hupata maumivu ya kifundo ambayo hayaondoki upesi. Yafaa kulijaza matambara makuukuu yaliyoshindiliwa sana, na mchanga kidogo tu katikati kwa ajili ya uzito. Ngumi nayo ifike kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, na kifundo cha mkono kisipinde. Na msirukeruke sana juu ya muramu mkavu bila viatu. Magoti hayana akiba.

Huo ndio upande wa wema. Upande wa pili ndio ulionifanya nishike kalamu.

Gunia halirudishi pigo. Hewa haikushiki shati. Kivuli chako ukutani hakina hasira, hakijalewa, na hakikukaribii kwa ghafula kabla hujakaa sawa. Mtu akijizoeza peke yake miaka miwili, hujifunza mwili wake mwenyewe, lakini hajifunzi hata kidogo mwili wa mtu mwingine. Hajui umbali, yaani ni hatua ngapi zilizo kati ya ngumi yako na kidevu cha mtu anayerudi nyuma. Hajui wakati wa kupiga, kwani wakati huo hutolewa na mwenzako, nawe huupokei usipomwona mwenzako. Hajui kuanguka. Tena hajui hofu, nayo hofu ndiyo inayopooza mkono uliozoezwa vizuri. Hayo manne huwezi kuyanunua kwa bando lolote.

Kijana mmoja wa upande wetu, mwenye bidii kuliko mimi, alijifunza hivyo wakati wote wa kufungwa kwa shule. Mateke yake yalikuwa mazuri kuyatazama. Watoto wadogo walikuwa wakimfuata. Shule zilipokwisha kufunguliwa, alikuwa siku moja mjini Busia, mahali malori yanapongoja kuvuka mpaka, akakosana na utingo mmoja kwa ajili ya fedha kidogo ya kupakua mizigo. Utingo yule hakujua mchezo wowote. Kijana alirudi hatua moja nyuma, akasimama kama tulivyofundishwa na simu, mikono imepangwa vizuri. Utingo hakungoja apange. Alimshika shati kwa mikono miwili, akamvuta, akamtupa chini. Yule kijana alinyosha mkono ili ajikinge na ardhi, kama afanyavyo mtu yeyote ambaye hajafundishwa kuanguka, na mfupa wa bega ukavunjika. Alikaa na kitambaa shingoni miezi miwili, na muhula ule hakuandika mtihani.

Watu wengi walisema, "Mwaona? Karate yake imemsaidia nini?" Mimi sikubaliani nao. Karate haikumdhuru. Kilichomdhuru ni kuamini kwamba sehemu moja ya somo ndiyo somo zima. Kama angalitupwa chini mara hamsini na rafiki yake juu ya majani, chini ya macho ya mtu anayejua, bega lake lingalikuwa zima. Na huenda asingalisimama kugombana kabisa, kwa kuwa angalijua jinsi watu wanavyotupwa upesi.

Jambo hili walilijua sana waliotangulia. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, naye pia alikuwa mwalimu wa shule. Alianza na wanafunzi tisa katika chumba cha hekalu chenye mikeka 12. Katika judo mwanafunzi mpya hafundishwi kwanza kumwangusha mtu. Hufundishwa kuanguka: kukunja kidevu, kuupiga mkeka kwa mkono mzima, kutokuunyosha mkono kama fimbo. Kisha hushikana na mwenzake, wote wawili wakijaribu kwa kweli, hakuna anayejua mwenzake atafanya nini. Huwezi kumwangusha mtu asiyekuwapo. Mama angaliweza kumwambia Kano hivyo, na nadhani Kano angalikubali.

Nasi Waafrika tusidhani kwamba hekima hii ni ya Wajapani tu. Mieleka ya Buganda, iitwayo ekigwo, ni ya watu wawili, na watu wamewazunguka. Kule Lamu wako wanaume wanaocheza kirumbizi kwa fimbo, wawili wawili, ngoma zikilia, katika arusi na sikukuu. Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, na mwisho wake ugomvi wa mwaka mzima huhesabiwa umekwisha. Mahali pote hapo mwenzako yuko mbele yako, tena wako wazee wa kusema "basi" mambo yanapozidi. Sijaona mchezo wa kwetu hata mmoja wa kupigana ambao kijana huachiwa aucheze peke yake mpaka ajione bingwa.

Najua mtajibu kwamba Bruce Lee huonekana peke yake, akipiga hewa kifua wazi. Hiyo ni sinema. Kabla ya sinema alikuwa mwanafunzi wa mwalimu Ip Man kule Hong Kong, na katika mtindo ule mafunzo hufanywa wawili wakiwa wamegusana mikono, ili kila mmoja asikie nguvu ya mwenzake inakwenda wapi. Hata vijana wa Wakaliga, Kampala, walioonekana katika sinema ya "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010, ambayo imetazamwa duniani kote kwa kicheko na kwa mapenzi, hawakuwa kila mtu nyuma ya jiko lake. Walifanya mazoezi pamoja.

Ama kuhusu ngumi, hapo sisi wa Uganda na jirani zetu wa Kenya tuna haki ya kusema kwa sauti kubwa. Medali za kwanza za Olimpiki ambazo Uganda ilizipata zilikuwa za ngumi, kule Mexico mwaka 1968: Eridadi Mukwanga fedha, na Leo Rwabwogo shaba. Rwabwogo akarudi na fedha kutoka Munich mwaka 1972. John Mugabi akapata fedha Moscow mwaka 1980. Upande wa pili wa mpaka wetu, Philip Waruinge alipata shaba mwaka 1968 na tena akapewa kombe la mpiganaji bora wa michezo yote ile ya ngumi. Na Robert Wangila alipata dhahabu Seoul mwaka 1988. Mpiganaji wa ngumi hupiga hewa kila siku, hilo halina shaka, tena mbele ya kioo kama anacho. Lakini hupiga hewa asubuhi ili jioni apigane na mtu wa klabu yake, na kesho yake hupiga hewa tena ili aondoe kosa aliloonyeshwa jana na ngumi ya mwenzake. Asiye na jioni hiyo hana anachokirekebisha. Atarudia kosa lake mara elfu, na kwa kulirudia atalipenda.

Wako wazazi na walimu wanaosema kwamba mafunzo ya namna hii huwafanya vijana wagomvi. Nawaheshimu, lakini nimeona kinyume chake. Mgomvi mkubwa ni yule ambaye hajapigwa bado. Aliyekwisha kula ngumi ya pua, machozi yakamtoka bila kulia, huwa mpole sana njiani. Wengine huogopa kule kuinama kwa karate na judo, wakidhani ni ibada ya kigeni. Kuinama ni salamu. Kwetu mtoto hupiga magoti akimwamkia mkubwa, wala hakuna anayesema anamwabudu.

Iko hofu moja ambayo siwezi kuidharau, nayo ni hofu ya kichwa. Wangila yule yule wa dhahabu ya Seoul alifariki mwezi wa Julai 1994, akiwa na miaka 26, baada ya pambano la kulipwa mjini Las Vegas. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wenzangu wa bwenini wanaotaka tuvae glavu na kupigana tu usiku, taa zikizimwa, bila mkubwa. Huko ni kutoka katika kosa la kuwa peke yako na kuingia katika kosa kubwa zaidi. Mwenzi bila msimamizi ni hatari kuliko gunia.

Basi nina ombi, na ombi hili ni kwa shule na pia kwa wanafunzi wa zamani. Tupewe saa moja na nusu kila Jumamosi baada ya kufua nguo. Mahali pawe ukumbi wa chakula, meza zikisogezwa. Magodoro makuukuu ya bwenini, yale yanayongoja kuchomwa, yashonwe pamoja yawe mkeka wa kuangukia. Muhula wa kwanza tusifundishwe pigo hata moja. Tufundishwe kuanguka, kushikana, na kusimama. Muhula wa pili ngumi za mwilini tu, na asiyeweza kujizuia kupiga kichwa atolewe, bila majadiliano. Kila mchezaji awe na barua ya mzazi wake. Na wale ambao wameshajifunza peke yao nyumbani wasichekwe, kwa kuwa hao ndio watakaokuwa wa kwanza kufika, nao wana miguu na pumzi tayari.

Mwalimu ndiye tunayemkosa. Miongoni mwa wazee wa shule wamo waliokuwa polisi, magereza na jeshini, mahali ambapo ngumi zimechezwa siku zote. Wamo wanaokaa Tororo, Malaba na Busia zote mbili, ya huku na ya ng'ambo. Kama yuko mmoja aliyewahi kuvaa glavu au kufunga mkanda wa judo, hata kama tumbo sasa limekuwa kubwa, tunamwomba aandike kwa mwalimu wa michezo kabla ya muhula ujao kufunguliwa. Nauli ya boda tutaichanga sisi wenyewe. Mimi nitakuwa nimemaliza shule mwaka huu, walakini nyumbani kwetu ni karibu, nami nitakuja Jumamosi kubeba magodoro.